Hadithi Mmeipeleka Wapi?

Leo naomba nigombane na watu wawili. Wa kwanza ni mzee yeyote anayesema kwamba zamani magazeti ya mastaa yalikuwa na heshima zake, ila siku hizi yameharibika. Wa pili ni wewe kijana mwenzangu, mwandishi chipukizi, unayepita kwenye meza ya magazeti pale Mwenge umekunja pua kama unapita jalalani, halafu ukifika nyumbani unajifunika shuka na simu yako kuangalia nani kaachana na nani. Nyote wawili mnanikera, na kosa lenu ni moja. Hakuna kati yenu aliyewahi kuuliza hadithi ilikwenda wapi.

Nasema hadithi, siyo umbea. Hadithi ya kubuni, yenye mwanzo na mwisho, na jina la aliyeitunga limeandikwa juu yake. Kwa sababu magazeti haya, mpende msipende, yalizaliwa kwa ajili ya hadithi.

Mwaka 1911 huko Marekani yalitoka majarida mawili ya sinema. Moja ni Photoplay la mjini Chicago, la pili likiitwa Motion Picture Story Magazine. Ukiyafungua yale ya mwanzo hukuti nani analala kwa nani. Unakuta sinema zimeandikwa kama hadithi fupi, ili aliyeikosa picha aisome na aliyeiona aikumbuke. Waigizaji wenyewe walikuwa kama hawapo. Kampuni hazikupenda kuwataja majina, zikihofia kwamba mtu akishajulikana ataomba nyongeza ya mshahara. (Na kweli, walipojulikana waliomba!) Florence Lawrence watazamaji walimjua kama Binti wa Biograph tu, kwa jina la kampuni, mithili ya ng'ombe aliyepigwa chapa. Mwaka 1910 tajiri mmoja, Carl Laemmle, akamnyakua. Ghafla zikavuma habari kwamba binti amekufa. Laemmle akalipia tangazo kukanusha uvumi huo kwa hasira zote, kisha akampeleka St. Louis watu wakamwone kwa macho yao kwamba yu hai. Umati ulijaa. Unafikiri uvumi ule ulianzia wapi? Basi mmoja wa mastaa wa mwanzo kabisa wa sinema alizaliwa kwa taarifa ya msiba wake, na msiba wenyewe ulikuwa changa la macho.

Wasomaji walipoonja utamu wa majina, wakataka zaidi. Ana umri gani? Kaolewa? Anapenda chakula gani? Ilipofika mwaka 1914 lile jarida la pili likabadili jina, likawa Motion Picture Magazine. Neno la katikati, lile lenye maana ya hadithi, likang'olewa.

Hapo mzee wangu ataniambia, "Umeona? Hadithi ikafukuzwa." Wapi, bwana! Hadithi haikufukuzwa, ilihamishwa kiti. Ilitolewa kwenye ukurasa wa hadithi ikapelekwa kwenye ukurasa wa habari, na huko ikakatazwa kutaja jina lake. Muangalie Theda Bara. Huyu alikuwa binti wa fundi cherehani wa Cincinnati, jina lake Theodosia Goodman. Kampuni ya Fox ikawatangazia watu kwamba amezaliwa jangwani Misri, baba msanii Mfaransa, mama Mwarabu. Majarida yakabeba vilevile. Mtu aliketi kwenye meza akatunga jangwa, akatunga ngamia, akatunga mama. Alikuwa mtunzi kama wewe na mimi, na pengine alikuwa mzuri kutuzidi. Lakini hakuna aliyejua jina lake, na kazi yake haikuitwa hadithi.

Hiyo "heshima ya zamani" ndiyo hiyo. Katika miaka ya 1930 na 1940 studio kubwa za Hollywood zilikuwa na idara nzima za kuamua nini kiandikwe kuhusu waigizaji wao na nini kifichwe. Ukiandika vibaya, hupati tena mahojiano wala picha. Basi kila staa akawa mke mwema anayekaanga mayai, na kila ulevi ukaitwa uchovu. Ikiwa hiyo ndiyo heshima, basi hata bubu ana heshima.

Kisha mwaka 1952 akaja Robert Harrison na gazeti lake la Confidential, akauvunja ule ukuta kwa nyundo. Katikati ya miaka ya 1950 likawa linauza zaidi ya nakala milioni 4 kwa toleo. Mengine lililoandika yalikuwa ya kweli, mengine ya kupika, na msomaji hakuwa na namna ya kutofautisha. Mwaka 1957 likafikishwa mahakamani Los Angeles. Mwigizaji Maureen O'Hara akaleta pasipoti yake kuonyesha kwamba wakati wanasema alikuwa akifanya uchafu kwenye jumba la sinema, yeye hakuwepo hata nchini. Lakini ushahidi ambao mimi hauniishi kichwani ni wa Dorothy Dandridge, mwigizaji mweusi. Gazeti lilidai kwamba aliingia msituni kule Lake Tahoe na mwanamuziki mzungu. Dandridge akaieleza mahakama kwamba ubaguzi wa rangi mahali pale ulikuwa mkali kiasi kwamba yeye, mwimbaji aliyeletwa kuwaburudisha wageni, hakuweza hata kutoka hotelini kwenda kutembea. Hebu fikiri. Mwanamke analazimika kujitetea dhidi ya uongo mmoja kwa kuitangazia dunia udhalili mwingine, na huo wa pili ndio wa kweli, na hakuna gazeti la mastaa lililokuwa limeuandika!

Nasema haya siyo kwa sababu mimi ni msafi. Nami nimekula kwenye sahani hiyo.

Mwaka 2011, nikiwa sina mbele wala nyuma baada ya masomo, nilipata kibarua kwenye gazeti moja la udaku jijini Dar. Silitaji, na mwenye nalo asijishtukie, kwa kuwa yalikuwa mengi. Jambo la kwanza nililojifunza ni lugha. Kwenye chumba cha habari hakuna anayesema "habari". Wanasema "stori". "Dogo, una stori?" "Stori yako imeliwa." "Leta stori ya ukurasa wa tatu kabla ya saa kumi na mbili." Mimi niliyekuwa nimetoka nyumbani na daftari limejaa mashairi na visa, nikadhani nimefika peponi. Watu wanaamka asubuhi wanaulizana stori, na stori inalipwa!

Siku moja ukurasa wa tatu ulikuwa mtupu na saa zimekwenda. Mezani kulikuwa na picha ya mwigizaji mmoja wa kike wa filamu zetu hizi, kapigwa akitoka duka la dawa, Sinza. Basi. Mtu katoka duka la dawa. Nikakaa nikaandika. Nikaandika kwamba chanzo chetu kilicho karibu na staa huyo kimeeleza kuwa hali yake si nzuri, kuwa amekonda, kuwa usiku hapati usingizi, kuwa mkono unamtetemeka akishika kikombe. Ugonjwa sikuutaja, ila niliandika kwa namna ambayo hata mtoto wa darasa la tatu angeutaja mwenyewe. Chanzo alikuwa nani? Mimi. Nilikuwa karibu na staa huyo kwa maana kwamba picha yake ilikuwa karibu na kiwiko changu. Nililipwa elfu tano.

Siku ya tatu akaja mama mtu mzima, kajifunga kanga, kashika mfuko wa rambo na ndani yake gazeti limekunjwa mara nne. Hakuja na fujo. Alimwambia dada wa mapokezi, "Mwanangu, nimemfuata huyo aliye karibu na binti yangu. Mimi ndiye ninayelala naye chumba kimoja, sijamfahamu." Dada akamjibu kwamba mwandishi yuko nje kikazi. Mwandishi alikuwa nyuma ya pazia la mbao anakunywa chai. Yule mama akakaa kwenye benchi mpaka saa kumi jioni, kisha akaondoka. Gazeti lake alilisahau pale, au pengine alilitupa.

Unajua kilichoniuma zaidi? Kile kipande kilikuwa kizuri. Ule mkono unaotetemeka kwenye kikombe ndiyo sentensi bora kuliko zote nilizokuwa nimeandika mpaka siku hiyo. Ningekiita hadithi na kumpa mwanamke yule jina la kubuni, jarida kama hili lingekichapa na hakuna mama wa mtu ambaye angekesha. Nilitunga hadithi nikalazimishwa kuiita habari. Na wenzangu kwenye meza zile walikuwa wakifanya hivyo hivyo kila siku ya Mungu, vijana wenye vipaji vya kutisha, aisee, hakuna hata mmoja anayejulikana leo kwa jina.

Sasa uniambie kwamba haikuwezekana kuwa vingine. Iliwezekana! Ilifanyika hapa hapa Afrika.

Mwaka 1951 lilianzishwa Cape Town jarida likiitwa The African Drum. Mwanzoni lilikuwa na ngano za kale, nyimbo za kijadi, na mawaidha ya kizungu kuhusu "Mwafrika halisi". Halikuuzika. Mwenye fedha, Jim Bailey, akalihamishia Johannesburg na kumleta kijana kutoka Uingereza, Anthony Sampson, awe mhariri. Hawa wakafanya jambo ambalo wahariri wengi wanaliogopa: wakaenda kuwauliza wasomaji. Watu wa mjini wakawaambia bila kuficha kwamba wamechoshwa na mambo ya kikabila. Wanataka muziki wa jazi, wanataka ndondi, wanataka wasichana warembo, wanataka mastaa wao weusi. Likawa Drum. Jaladani akakaa Dolly Rathebe, na baadaye Miriam Makeba.

Hapo wewe msomi unakunja pua tena. Subiri. Nyuma ya lile jalada la binti kulikuwa na Henry Nxumalo. Machi 1952, jarida hilo hilo la mastaa lilichapa taarifa yake kuhusu mashamba ya Bethal, ambako vibarua weusi walipigwa na kufungiwa kama watumwa; alikwenda yeye mwenyewe akajifanya kibarua. Mwaka 1954 alivunja sheria makusudi ili afungwe, akakaa gerezani Johannesburg, akatoka akaandika alichokiona. Usiku wa kuamkia mwaka 1957 aliuawa kwa visu akiwa kwenye uchunguzi mwingine. Unadhani ni shirika gani la misaada lililogharimia kazi ile? Ziligharamiwa na nakala zilizouzwa, na nakala ziliuzwa na sura ya yule binti jaladani.

Na humo humo, baina ya picha za mabondia na waimbaji, kulikuwa na hadithi fupi. Siyo moja ya kuzugia. Kati ya 1951 na 1958 Drum lilichapa zaidi ya hadithi 90. Liliitisha mashindano, na mshindi wa kwanza, mwaka 1953, alikuwa mwalimu wa Kiingereza aitwaye Can Themba, ambaye kwa ushindi huo aliacha chaki akaja kuajiriwa. Es'kia Mphahlele alikuwa mhariri wa hadithi. Unaelewa maana yake? Jarida la mastaa lilikuwa na mtu anayelipwa mshahara kwa ajili ya kusoma hadithi za vijana! Bloke Modisane, Casey Motsisi, Lewis Nkosi, Todd Matshikiza aliyeandika kuhusu muziki kana kwamba taipureta yake ni piano, wote walipitia mlango ule. Haikuwa paradiso, wala sisemi hivyo. Mishahara ilikuwa ya kulalamikiwa, pombe iliwatafuna wengi, wenye mali walikuwa wazungu, na mwanamke alipewa jalada ila kalamu karibu hakupewa kabisa. Hili la mwisho nawaomba wanaolipamba Drum wasilipite haraka haraka kama ninavyolipita mimi.

Lakini habari ilikuwa inaitwa habari, na hadithi inaitwa hadithi. Ukurasa ulikuwa na kibao chake.

Halafu mwishoni mwa miaka ya 1950 hadithi zikatolewa. Picha zikachukua nafasi. Can Themba hakudumu pale. Mwaka 1963 hadithi yake iliyovuma kuliko zote, The Suit, ilitoka kwenye toleo la kwanza la The Classic, jarida dogo la fasihi aliloanzisha Nat Nakasa. Mwaka 1966 serikali ya makaburu ikayapiga marufuku maandishi yake, naye akafia uhamishoni Swaziland. Drum lenyewe liliuzwa mwaka 1984 kwa Nasionale Pers, kampuni iliyokuwa rafiki wa damu wa chama cha makaburu. Likawa jarida la mastaa wa tamthilia za televisheni na mapishi, na mwaka 2020 ikatangazwa kwamba halitachapwa tena kwenye karatasi, litabaki mtandaoni.

Huku kwetu Drum lilifika, na toleo la Afrika Mashariki lilikuwepo. Na kampuni hiyo hiyo ikatuletea African Film yenye Lance Spearman, mpelelezi wa picha na kofia yake na sigara, ambaye baba zetu wanamkumbuka kuliko mawaziri wa wakati ule. Hakutuua, alituzalisha: Faraji Katalambulla, yule yule wa Simu ya Kifo ya mwaka 1965, akaanzisha Film Tanzania, hadithi za picha za kwetu wenyewe. Kumbe Mswahili akipewa hadithi gazetini haulizi kama ni ya watu wa juu au wa chini. Anasoma.

Basi msiniambie kwamba "watu hawasomi hadithi". Mnataka ushahidi wa karibu zaidi? Magazeti ya udaku ya Global Publishers, Ijumaa, Uwazi, Risasi, Amani, haya mnayoyatemea mate, yaliendesha riwaya za Eric Shigongo kwa mfululizo, kipande kwa kipande, na kuna watu waliyanunua kwa ajili ya kile kipande tu. Nimewaona kwenye daladala, wanaanza kwa kugeuza ukurasa wa staa bila kuutazama wanaitafuta "inaendelea toleo lijalo". Mnaweza kuzisema hadithi zile mnavyotaka, mimi mwenyewe nina yangu ya kuzisema. Lakini juu yake liliandikwa jina la mtunzi, na msomaji alijua anatungiwa. Nilikuwa nafanya kazi kwenye meza ambayo ukurasa wa hadithi ulikuwa ndio mahali pa ukweli katika gazeti zima. Ukurasa wa habari ndio uliokuwa wa kubuni.

Wenzetu wa Ulaya na Marekani nao waliendelea na safari yao, siwafuati sana. Jarida la People lilitoka Machi 1974 na Mia Farrow jaladani, na mhariri wake wa kwanza, Richard Stolley, alikuwa na kanuni zake za jalada: kijana anauza kuliko mzee, mrembo kuliko asiye mrembo, tajiri kuliko fukara, na hakuna anayeuza kama staa aliyekufa. Msiba wa Florence Lawrence ulikuwa wa uongo; huyu alisubiri wa kweli. (Nasi tusicheke. Aprili 2012 alipofariki Steven Kanumba, nani kati yetu hakununua?) Huko Uingereza wakaanza kuuza hata harusi: mwaka 2000 jarida la OK! lilimlipa Michael Douglas na mchumba wake pauni milioni 1 kwa picha za ndoa, wapinzani wao Hello! wakaingiza mpiga picha kwa siri, na kesi ikafika mpaka kwa mabwana wakubwa wa sheria mwaka 2007. Mamilioni yote hayo, jamani, na hakuna mtu aliyelipwa senti kwa kuandika.

Na sasa staa hana haja na gazeti. Ana simu. Anajipiga mwenyewe, anajiandikia mwenyewe, anaachana mwenyewe na kurudiana mwenyewe kabla mhariri hajafika kazini. Vyombo vilivyobaki vinanakili alichoandika na kuongeza alama ya mshangao. Wengine wenu mnaosoma hapa, nawajua, mnawaandikia hayo maneno ya chini ya picha kwa malipo ya vocha, bila jina. Mmekuwa yule mtunzi wa ngamia wa Theda Bara.

Ninachotaka ni kidogo. Kwenu wenye magazeti na kurasa za mastaa: wekeni ukurasa mmoja, mmoja tu, muandike juu yake HADITHI, mlipe. Uongo wenu wote wahamie huko, sisi tutaushonea nguo vizuri kuliko mlivyoushona nyinyi. Na kwenu wahariri wa jarida hili ninaloliandikia, ambao mnanirudishia barua kila ninaposema neno hili: wekeni msanii wa singeli jaladani. Ndiyo, wa singeli. Mkiona haya, mkumbukeni Dolly Rathebe na aliyekuwa nyuma yake.

Mwezi uliopita nilikichukua kile kipande changu cha zamani, nikakifumua. Nikaandika upya: mama ameketi kwenye benchi la ofisi ya gazeti, anamsubiri mtu aliye karibu na binti yake, na mtu huyo anamsikia akikohoa nyuma ya pazia la mbao. Maneno elfu moja na mia tano. Juu nikaandika "hadithi ya kubuni" na jina langu. Nikampelekea mhariri mmoja wa kurasa za burudani, mtu ninayemheshimu.

Akanipigia siku ile ile. "Dogo, hii kitu imetulia. Sasa hapo juu futa 'hadithi ya kubuni', tuweke 'chanzo chetu'. Jina la staa nitamtafuta mwenyewe."

Nikamwambia, "Bro, hapana, hiyo siwezi."

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama ninayo nyingine.